Kilo Kumi na Tano za Mama Tabitha

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, siku ya kwanza ya kliniki yetu ya wanawake waliomaliza matibabu ya saratani ya matiti, Mama Tabitha alisimama pembeni ya mizani akakataa kupanda mpaka kwanza nitoe gunia.

Ninyi mliobaki kazini baada yangu, hasa mliokulia mjini, mnahitaji maelezo hapa. Kwa wakulima wa kahawa wa Mbozi, mizani haijawahi kuwa kifaa. Ni mtu, tena mtu wa upande wa pili. Kahawa ikifika kwenye chama cha msingi cha ushirika hupimwa ikiwa ndani ya gunia lake, kisha karani hutoa kilo za gunia, na kwa sababu ya hizo kilo za gunia watu wamegombana, wameapizana na wengine wamehama kanisa. Mama Tabitha alizaliwa Ruanda, kijiji cha Mbozi wala si ile nchi, akaolewa Ruanda hapo hapo, na kabla ya kuhamia Tunduma kufungua kibanda cha mchele na unga, alikuwa akileta kahawa ya mumewe kwenye mizani ya chama. Karani wa mizani hiyo nilikuwa mimi.

"Karani," akasema, "gunia unatoa kilo ngapi?"

"Gunia gani, mama?"

"Hili nililovaa. Vitenge viwili, sweta, kilemba, na viatu kama nitapanda navyo."

"Viatu utavua."

"Haya, nimevua. Vilivyobaki unatoa ngapi?"

Kwenye benchi walikaa wenzake saba, na wote walitikisa vichwa kuonyesha kwamba swali ni halali. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Mwangalieni vizuri huyo. Kule alitupunguzia kahawa, hapa atatuongezea mwili."

Nilikuwa nimejiandaa kwa wiki kadhaa. Nilikuwa nimesoma kila kijitabu kilichokuwa kabatini, na kamusi juu yake. Hakuna kijitabu kilichozungumzia gunia.

Aliyeokoa asubuhi ile ni Sista Yusta, muuguzi kiongozi wa kituo chetu. Alitoa kabatini kanga moja iliyofuliwa, akaileta na mizani ndogo ya jikoni, akaiweka kanga juu yake mbele ya benchi zima. "Gunia hilo hapo," akasema. "Uzito wake mnauona wenyewe. Kila mtu ataingia nyuma ya pazia, atavaa hilo hilo, atapanda, na Karani atatoa hicho hicho. Mwenye swali?" Hakuna aliyekuwa nalo. Mama Tabitha akawa wa kwanza. Jiwe la mizani lilitulia kwenye themanini na sita. Akashuka, akawatazama wenzake kama mtu ambaye mavuno yake yamekubali.

"Andika," akaniambia. "Na usiandike kwa penseli."

Hapo niseme nilifikaje kituoni, maana wengi wenu mlinikuta na mkadhani nilikuja na jengo. Ununuzi wa kahawa pale kwetu ulipobadilishwa, makarani wa mizani tulibaki na ujuzi usio na mahali pa kuutumia. Sista Yusta, ambaye kwao ni jirani na kwetu, aliniita Tunduma nimrekebishie mizani ya kupimia wajawazito. Ilikuwa imewekwa juu ya mkeka. Niliutoa mkeka, nikaiweka kwenye sakafu ya saruji, nikairudisha kwenye sifuri, na wajawazito wote wa mwezi ule wakaonekana wameongezeka ghafla. Sista akaniuliza kama nina shughuli nyingine. Nikaajiriwa kama mhudumu.

Alinifundisha mambo ambayo bado nayashikilia. Mizani ipimwe kabla ya kupima watu: kila asubuhi nilipandisha dumu la maji ambalo uzito wake tunaujua, na dumu likisema uongo, hatumsikilizi mtu yeyote siku hiyo. Mtu apimwe wakati ule ule wa siku, kwa nguo ile ile. Kiuno kipimwe kwa futi ya fundi cherehani, mtu akiwa ametoa pumzi, wala si akiwa ameivuta ili apendeze. Mkono wa upande uliofanyiwa upasuaji haufungwi kipimo cha presha wala hauchomwi sindano, na upimwe unene wake kila mara, maana huwa unavimba kimya kimya. Tena uzito wa mtu hautangazwi. Hili la mwisho lilinitesa, kwa sababu kwenye kahawa karani asiyetangaza ni mwizi.

Daktari alikuja kutoka Mbeya mara moja kwa mwezi. Alikuwa binti mwenye sauti ya chini, na wanawake walimwita Dokta kwa heshima na kumletea ndizi kwa huruma, kwa kuwa alikuwa mwembamba. Siku ya pili ya kliniki aliwaeleza kwa nini tunawapima. Baada ya matibabu, alisema, wengi huongezeka uzito: dawa zina mchango wake, uchovu una mchango wake, na jamaa wanaopenda kulisha wana mchango wao. Mafuta yanayozidi, hasa ya tumboni, hayakai tu kama mzigo ghalani. Yanauchochea mwili uishi katika hali ya kupigana wakati adui hayupo, hali ambayo vitabu vinaiita mchochota, yaani mwako wa ndani. Wataalamu wanaihusisha na uwezekano mkubwa zaidi wa ugonjwa kurudi. Lakini uzito si sababu pekee, na mtu asiambiwe kamwe kwamba alijiletea mwenyewe. Hilo alilirudia mara mbili, nami naomba mlirudie.

"Dokta," akauliza Mama Tabitha, "huo mwako wa ndani mbona mimi siusikii?"

Dokta akanitazama. Nikasema, "Mama, wewe unauza mchele. Umewahi kuona lile rundo la pumba nyuma ya mashine ya kukobolea?"

"Nimeliona."

"Juu lina nini?"

"Majivu."

"Ukilikanyaga?"

"Mtoto wa jirani aliungua mguu mzima," akasema. Benchi zima likajitazama matumbo.

Majibu ya damu, ya kupima huo mchochota, yalikuja kutoka Mbeya baada ya siku chache, na ya Mama Tabitha yalikuwa juu kuliko ya wenzake wote. Magoti yalimuuma. Mkono wa kushoto ulikuwa umevimba hata bangili ilibidi ikatwe. Dokta alimtaka apunguze polepole, kwa kula na kwa kutembea, bila dawa za mtaani na bila kujishindisha njaa. Nilidhani atafurahi kwamba kuna jambo la kufanya. Alikuja dirishani kwangu akiwa ameshika ile karatasi kwa vidole viwili.

"Karani, umenimaliza."

"Si mimi, ni damu."

"Sikiliza. Mume wangu amekufa. Aliyebaki na sauti juu yangu ni shemeji, Baba Yohana, unamjua."

Nilimjua. Baba Yohana, kaka wa marehemu, alikuwa mwenyekiti wa kila kitu kule Ruanda ambacho kilihitaji mwenyekiti, na vingine ambavyo havikuhitaji.

"Nilipotoka hospitali nilikuwa fito," akaendelea. "Wakanilisha. Mama mkwe ananitumia karanga, maziwa ya mgando, kuku, viazi, kila basi linaloshuka. Shemeji, nilipomwambia kilo zangu, amesimama kanisani akatangaza kwamba mgonjwa wetu amefika themanini na sita. Watu walipiga makofi, Karani! Sasa mimi nikipungua, watasema ugonjwa umerudi. Wakisema umerudi watanichukua Ruanda nikauguzwe. Kibanda kitafungwa, na ada ya Tabitha ya chuo inatoka kwenye kibanda. Nisipopungua, rundo la pumba. Nichague: nife kweli, au nife machoni pa watu?"

Aliyejibu ni Sista Yusta, aliyekuwa akisikiliza huku akikunja bandeji. "Anza kutembea," akasema. "Macho ya watu tutayashughulikia yakifika."

Kutembea, kwa maelezo ya vijitabu, hakuhitaji vifaa. Aliyeandika hivyo hakuwahi kutembea Tunduma. Hapa mwanamke mtu mzima anayekwenda haraka asubuhi bila kubeba kitu ana moja ya mambo mawili: amefiwa au anadaiwa. Siku ya kwanza wale wanawake wanane walipotoka, waendesha bodaboda walisimama mmoja baada ya mwingine. "Mama, panda, utalipa kesho." "Panda tu mama, matatizo yapo kwa kila mtu." Mwanamke mmoja wa kundi letu alipanda, kwa sababu kukataa, alisema, kungekuwa kiburi.

Ikaamuliwa wabebe ndoo tupu kichwani. Mwenye ndoo ana safari, na haulizwi. Ilikuwa hila nzuri, nami niliiunga mkono, bila kukumbuka kwamba mji huu una shida ya maji ya kudumu. Wanawake wanane wenye ndoo, wakienda upande mmoja kwa haraka na kwa uhakika, maana yake ni moja tu: bomba limefunguka mahali. Walipogeuka nyuma karibu na kituo cha mafuta, walikuwa wamefuatwa na mtaa mzima, ndoo, madumu na toroli mbili. Ilibidi waendelee kutembea kwa sababu hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuwaambia. Yule kijana wa toroli ya kwanza alipouliza, "Mama zangu, kwani maji yenyewe yako wapi?" Mama Tabitha alijibu, "Sisi tunafanya mazoezi." Matusi yaliyofuata sitayaandika, lakini Sista alisema kwamba kwa upande wa mwendo, siku ile ilikuwa bora kuliko zote.

Baada ya hapo walihamia barabara kuu, kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Pale hakuna anayekushangaa, kwa kuwa madereva wanaopika chini ya matela yao wameshaona kila kitu. Umbali waliupima kwa malori. Nikawapinga: foleni inasogea, na kipimo kinachotembea si kipimo. Wakanielewa, wakachagua lori moja bovu la bluu lililokuwa limekaa pembeni muda mrefu hata kuku walikuwa wakitagia chini yake, wakasema, "Tutafika kwa bluu, tugeuze." Walifanya hivyo vizuri kabisa mpaka spea ilipofika. Asubuhi moja bluu akaondoka zake, na wanawake wangu, wakimtafuta ili wageuze, wakatembea karibu kufika mji wa Mpemba. Walirudi saa nne wakiwa na hasira na mimi.

Kuhusu chakula, Mama Tabitha alitii maelekezo ya Sista: nusu ya sahani mboga, ugali ukae kona yake, soda iachwe kwa wageni. Tatizo lilikuwa mizigo ya mama mkwe. Haikupungua. Kuirudisha kungekuwa tusi na kuitupa kungekuwa dhambi. Akaiuza kibandani. Karanga za kumnenepesha mjane wa Ruanda zikanunuliwa na wafanyabiashara kutoka Zambia, waliomwita mayo, yaani mama kwa lugha yao, na kuuliza mzigo mwingine unakuja lini. Biashara ikachangamka. Naamini kwa muda fulani wateja wa Nakonde ndio waliokuwa wakinenepa kwa niaba yake.

Akapungua. Taratibu, kama alivyoambiwa, na kwa zaidi ya mwaka. Mkono ulishuka, magoti yakanyamaza. Kila mwezi alivaa ile kanga, akapanda, nikaandika kwa kalamu ya wino, tukanyamaza wote wawili kama watu wanaosafirisha magendo.

Kisha ikaja harusi kule Ruanda, na Mama Tabitha akaenda akiwa amevaa gauni ambalo familia ililijua, na ambalo sasa lilimpwaya. Aliniambia baadaye kwamba alipoingia, mama mkwe alishika mdomo. Hakuna aliyemuuliza kitu. Walimpa kiti chenye mto. Walimletea sahani mbili. Wimbo wa kwaya ulipoanza, Baba Yohana alitoka nje akionekana kama mtu anayehesabu. Watu wetu wa Mbozi ni wenye mpango, na mwenye mpango hasubiri jambo litokee ndipo aanze kukodi viti.

Wiki mbili baadaye, nikiwa nimemaliza kupandisha dumu la maji, Noah nyeupe ilisimama mlangoni mwa kituo. Wakashuka Baba Yohana, amevaa koti jeusi na viatu vya kanisani, na mzee mwingine mwenye miwani ambaye kila mtu alimwita Mwalimu. Dereva alibaki kwenye usukani. Nyuma ya gari niliona gunia la maharage na sufuria kubwa mbili.

"Shikamoo, Baba Yohana."

"Marahaba. Karani, sisi ni kamati."

"Kamati ya nini, mzee?"

Akavua kofia. "Ya msiba."

"Poleni sana. Nani amefariki?"

"Bado," akasema Mwalimu, ambaye alikuwa mhazini. "Lakini tunataka kujua amebakiza kilo ngapi, ili tupange."

Niliwaeleza kwamba uzito wa mtu hautolewi kwa mwingine. Baba Yohana alinitazama kwa masikitiko ya kweli. "Karani, wewe ulikuwa mtu wa wazi. Kule Ruanda ulikuwa unatangaza mpaka ng'ambo ya mto wanasikia."

"Ile ilikuwa kahawa."

"Na huyu ni mke wa mdogo wangu. Kipi kina thamani?"

Walikuwa wamekuja kumchukua. Mpango wao ulikuwa kamili na, niseme haki, ulikuwa wa upendo: kufunga kibanda, kumpeleka kwa mama mkwe apumzike na alishwe, na kama Mungu angeamua vinginevyo, maharage tayari, maturubai tayari yamelipiwa amana kwa mwenye nayo kule Vwawa, michango imeshakusanywa. Mwalimu alisema alikuwa amekataa kununua jeneza mapema. Aliona si ustaarabu.

Sista Yusta alikuwa ameshampigia Mama Tabitha simu. Mama Tabitha alifika kwa miguu kutoka kibandani, akiwa na unga kwenye vidole, akawasalimia wote wawili, akaangalia sufuria, akaelewa.

"Shemeji, mmekuja kunizika?"

"Tumekuja kukuchukua, shemeji. Umekwisha. Kila mtu anaona."

"Mnataka kilo zangu? Karani, leta kanga."

"Mama, si lazima," nikamwambia.

"Ni zangu. Nawatangazia mwenyewe."

Akaingia nyuma ya pazia, akatoka, akapanda. Sabini na moja. Mwalimu alihesabu kwa vidole, akamnong'oneza mwenyekiti, na Baba Yohana akatoa leso. "Kumi na tano," akasema. "Kilo kumi na tano, jamani! Zimekwenda wapi?"

"Nyingi nimeziacha barabara ya Mpemba."

"Usinitanie, shemeji. Mtu hapotezi kilo kumi na tano bila kitu kumla."

Sista alileta majibu mapya ya damu yaliyokuwa yamefika siku chache nyuma. Aliwaonyesha, Mama Tabitha akiwa ameruhusu, kwamba kile kipimo cha mchochota kilichokuwa juu sasa kimeshuka mpaka mahali panapotakiwa. Baba Yohana aliishika ile karatasi mbali na macho. Alisema karatasi za hospitali zina adabu sana, hazimwambii mtu ukweli mbele ya wageni.

"Shemeji," akasema Mama Tabitha, bado yuko juu ya mizani, "kahawa uliyoimenya leo, kabla hujaianika, na ile iliyokaa kichanjani mpaka ikakauka, ipi nzito?"

"Mbichi. Ina maji."

"Ipi inakaa ghalani?"

"Kavu."

"Ile mbichi ukiiacha kwenye gunia usiku mmoja, asubuhi ukitia mkono ndani?"

Yeye ni mkulima mzuri. "Inakuwa ya moto," akasema. "Inaoza."

"Basi. Mlikuwa mnajivunia nilipokuwa mbichi."

Nilidhani limekwisha. Mwalimu alikuwa tayari ameanza kucheka. Lakini Baba Yohana alirudisha kofia kichwani na kusema, "Sawa. Ila kahawa kavu tunaihakikisha kwa kuing'ata. Wewe tukung'ate?"

"Msining'ate. Mnitembeze." Akashuka. "Kutoka hapa mpaka kituo cha mafuta, mpaka mwisho wa foleni ya malori, turudi kibandani. Nikishindwa, nakuja Ruanda leo hii na sufuria zenu. Mkishindwa ninyi, kibanda kinabaki wazi na mama mkwe anaambiwa nimepona, kwa mdomo wako, siyo kwa mdomo wangu."

Lazima niweke jambo moja wazi kwa ajili yenu vijana. Kutembea hakuthibitishi kwamba saratani haipo. Dokta asingekubali kipimo hicho, na alipoambiwa baadaye alifunika uso. Hakuna mtu, si Dokta wala Sista, aliyemwahidi Mama Tabitha kwamba ugonjwa hautarudi. Lakini kamati haikufika kwenye uamuzi wake kwa njia ya maabara. Iliingia kwa macho, na ilibidi itolewe kwa macho.

"Nenda nao," Sista akaniambia. "Usije ukaniletea wagonjwa wapya."

Tukaondoka. Mama Tabitha mbele, kwa mwendo wake wa kila siku, wala hakuuongeza. Baba Yohana alianza kwa heshima kubwa, mikono nyuma, kama anayekagua shamba. Dereva alitufuata polepole na Noah. Kabla ya kituo cha mafuta Mwalimu alisema mhazini hapaswi kuwa mbali na maharage, akaingia garini. Baba Yohana aliendelea. Vile viatu vya kanisani havikutengenezwa kwa ajili ya kokoto, na koti jeusi kwenye jua la saa tatu linapika. Madereva wa malori walianza kumshangilia mayo, wakiwa wamezoea kumwona, na kumhurumia yule mzee aliyefiwa anayemfuata nyuma.

"Shemeji," Baba Yohana akaita kwa taabu, "hebu simama tuongee!"

"Ongea tu, shemeji, nasikia."

"Nataka... nataka tuongee tumesimama."

"Dokta amenikataza kusimama njiani."

Dokta hakuwahi kusema hivyo. Tulipofika mwisho wa foleni na kugeuza, Baba Yohana aliingia garini, akisema anakwenda kushauriana na mhazini. Ushauri ule ulichukua njia yote iliyobaki.

Tulipofika kibandani Mama Tabitha alikuwa tayari anampimia mteja mchele, na pumzi zake zilikuwa sawasawa. Baba Yohana aliteremka, akaketi kwenye gunia la unga, akavua viatu. Hakuna aliyecheka, alikuwa mzee na alikuwa amechoka kweli. Mama Tabitha akampa maji ya kunywa kwenye kikombe cha bati, akapiga magoti kidogo kama inavyotakiwa.

"Umenitoa jasho, shemeji," akasema Baba Yohana.

"Samahani, shemeji. Ulitaka kunitoa roho."

Mzee alikunywa maji yote. Kisha akamtazama kwa muda mrefu, uso, shingo, mkono wa kushoto ambao haukuwa umevimba tena, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu harusi anamtazama yeye badala ya gauni. "Mdogo wangu angefurahi," akasema. Akatoa simu, akampigia mama yake, akapaza sauti kwa sababu bibi hasikii vizuri: "Mama! Haumwi! Nasema haumwi! Amekauka tu!" Nusu ya soko ilisikia.

"Basi, kamati imevunjwa," akatangaza.

"Haiwezi kuvunjwa kabla ya taarifa ya fedha," akasema Mwalimu.

Kibanda hakikufungwa. Tabitha yuko mwaka wa mwisho chuoni. Mama yake bado anakuja kliniki, bado anaanza kwa kuangalia kama kanga ni ile ile, na uzito wake unacheza kilo mbili huku na kilo mbili huku, jambo ambalo Sista anasema ni afya na yeye anasema ni karani. Siku niliyostaafu alinipa debe la mchele, na aliupima mwenyewe.

Michango yote ilirudishwa kwa wenyewe, nyumba kwa nyumba, isipokuwa ya bibi mmoja aliyesema waiache huko huko, itamfaa yeye. Maharage yaliliwa Ruanda bila sababu. Kilichoshindikana ni amana ya maturubai. Baba Yohana na Mwalimu walikwenda Vwawa kuidai, wakaeleza kila kitu kwa utaratibu, kuanzia harusi mpaka foleni ya malori. Mwenye maturubai aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Wazee wangu," akasema, "mimi maturubai nilikuwa nayo tayari. Ninyi ndio hamkuleta marehemu."

Mwalimu akaiandika kwenye taarifa ya fedha. Hasara: shilingi elfu themanini.